CQ WW, WPX, ARRL au IARU: shindano gani limfae mwenye kituo kidogo cha redio Mwanza

Kila ikikaribia Oktoba napigiwa simu na mwenzangu mmoja au wawili waliopata karibuni leseni ya redio ya ridhaa, yaani redio ya kuwasiliana na dunia kwa kupenda tu, bila biashara. "Kaka, nataka kuingia CQ World Wide. Nina wati mia na waya mmoja. Nitaweza?" Hilo ni shindano la redio: unakusanya mawasiliano na vituo vingi kadiri uwezavyo kwa muda uliowekwa, kila kimoja kwa pointi zake. Nawaambia wataweza, kisha nawauliza kwa nini waanze na hilo. Jibu huwa lilelile: ndilo kubwa.

Kwangu hiyo si sababu ya kutosha. Anayeita kutoka Tanzania kwa alama ya mwito (jina la kituo hewani) inayoanza na 5H hana haja ya kutafuta umati, umati utamtafuta. Katika mashindano haya nchi isiyosikika mara kwa mara ndiyo inayomwongezea mwenzako kizidishi (jumla ya pointi huzidishwa kwa idadi ya vizidishi), na sisi tumo katika nchi hizo. Wati 100 za Mwanza zinasubiriwa kwa hamu kuliko wati 750 za Ujerumani. Kinachotuangusha watu wa Kanda ya Ziwa ni radi, umeme na usingizi. Ukiyapima mashindano kwa vitu hivyo vitatu, lile kubwa linashuka chini na jingine ambalo wengi hawalitaji linapanda juu.

Kituo ninachokizungumzia

Redio moja ya wati 100, betri ya akiba, kompyuta mpakato ya zamani, na waya. Waya wangu una mita 20 na ushee, umekatwa katikati na kushuka pande mbili kama V iliyopinduliwa. Katikati umeshikwa na mianzi miwili iliyoungwa na kufungwa kwenye jiwe. Kamba ni nailoni ya wavuvi niliyoinunua Mwaloni Kirumba. Inavumilia jua na haivutiki. Kipimo hicho ni cha bendi ya mita 40 (bendi ni fungu la masafa, na huitwa kwa urefu wa wimbi lake), lakini waya huohuo unafanya kazi mita 15 pia, kwa kuwa megahezi 21 ni mara tatu ya megahezi 7. Masafa yake kule juu yanapanda kidogo kuliko hesabu inavyosema, kwa hiyo usiukate mfupi kwa haraka. Chini yake nimeunga waya wa mita 10 kwa ajili ya mita 20, kwenye kebo ileile. Bendi tatu kwa kebo moja, na hiyo inatosha kuanzia.

Tandaza waya mashariki kwa magharibi. Ukisimama Mwanza, Ulaya ya kati iko karibu kaskazini kabisa, ikiegemea magharibi kidogo. Pwani ya mashariki ya Marekani iko kaskazini-magharibi, Japani kaskazini-mashariki. Waya uliolala mashariki-magharibi unatupa nguvu zake kaskazini na kusini, na kaskazini ndiko waliko wengi. Bahati yetu ni kwamba upande huohuo wa kaskazini na magharibi ndiko liliko ziwa: hakuna mlima wala ghorofa linaloziba.

Hapa lazima niseme neno juu ya ufukwe, maana kila mtu anauliza kama ashuke na mitambo hadi majini. Wengi wamesoma kwamba antena ya kusimama wima ikiwekwa ufukweni inafika mbali ajabu. Ni kweli kwa bahari, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana. Ziwa Victoria ni maji baridi, na maji baridi hayana nguvu hiyo. Ufukweni utapata upeo ulio wazi na utulivu, maana uko mbali na taa za LED na chaja za majirani, lakini usitarajie muujiza wa chumvi. Utalipia kwa kubeba betri, kulinda vifaa usiku kucha, na wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga wa kompyuta hadi wanajaa kwenye kibodi. Mlimani, Isamilo au Mabatini, mteremko unaoelekea ziwani unasaidia mawimbi kutoka kwa pembe ya chini, na pembe ya chini ndiyo inayofika mbali. Shida ya mlimani ni jiwe lenyewe. Matale yetu hayafai kuwa ardhi ya antena ya wima, itabidi utandaze nyaya nyingi chini yake. Waya wa V hauhitaji kitu hicho. Mimi nachagua mlima na waya, nashuka ufukweni tu pale kelele za mtaani zinapozidi.

CQ World Wide: la watu wote, na la radi

Linafanyika mara mbili: kwa sauti mwisho wa wiki kamili wa mwisho wa Oktoba, kwa Morse, yaani milio mifupi na mirefu, ule wa Novemba. Saa 48. Unachobadilishana ni kifupi: ripoti ya usikivu (kwa kawaida 59) na namba ya kanda yako katika mgawanyo wa dunia wa shindano. Kanda yetu ni 37, kwa hiyo kwa sauti unasema "five nine three seven" siku mbili mfululizo. Mawasiliano na bara jingine yanakupa pointi 3, na nchi nyingine ya Afrika pointi 1. Mtanzania mwenzako hana pointi ila anahesabika kwenye kizidishi. Vizidishi ni kanda na nchi, na vinahesabiwa upya kila bendi.

Hiyo "upya kila bendi" ndiyo raha ya shindano hili kwa kituo cha 5H. Mtu aliyekupata mita 20 bado anakuhitaji mita 15, na mita 40, na mita 10. Wengine watakuomba mhamie pamoja bendi nyingine hapohapo. Ukikaa kwenye masafa yako na kuita, foleni ya wanaokujibu haikatiki. Mara ya kwanza kuisikia foleni hiyo mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kuandika.

Sasa weka kalenda mezani. Oktoba na Novemba ni vuli. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji. Upepo unatoka pande zote za ziwa, unakutana juu ya maji yenye joto, hewa inapanda na mawingu ya radi yanajengeka. Ndiyo maana ziwa letu ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na nyingi hupiga usiku. Usiku ndio wakati mita 40 na mita 80 zinafunguka kwenda Ulaya. Katika hedifoni radi ya mbali inasikika kama bisi zinazokaangwa, mfululizo, na kituo dhaifu kinazama humo. Radi ya karibu haina mjadala: unachomoa kebo na kuiweka nje ya dirisha.

Oktoba yangu ya kwanza nilipoteza usiku wote wa Jumamosi kwa njia hiyo. Nilikuwa nimeshaona mmweko upande wa Ukerewe nikajiambia bado ni mbali. Mama mwenye nyumba akabisha hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huo uzi wako hautuletei radi?"

"Hapana mama. Ila ikianza kunguruma nautoa."

"Mbona imeshaanza? Utoe sasa, usingoje ifike."

Nikautoa. Dakika chache baadaye mvua ilishuka, na ngurumo moja ikatikisa mabati. Tangu siku hiyo nina sheria: nikiona mmweko na kusikia ngurumo, hata kama foleni ni ndefu kiasi gani, kebo inatoka. Kuizima redio peke yake hakutoshi, waya lazima uachane nayo kabisa.

Kuna jambo la saa pia. Shindano linaanza saa sita usiku kwa UTC, saa ya dunia, ambayo kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na linaisha saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Mwenye kazi ya Jumatatu asubuhi anajua maana yake.

WPX: kwa mwenye bendi moja

Kwa sauti ni mwisho wa wiki kamili wa mwisho wa Machi, kwa Morse ule wa Mei. Unatoa ripoti na namba ya mfululizo: mtu wa kwanza 001, wa pili 002, na kuendelea. Kizidishi ni mwanzo wa alama ya mwito, kwa mfano 5H3, na kila mwanzo unahesabiwa mara moja tu, bendi yoyote utakayoupata.

Tofauti na CQ WW ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mwenye waya wa bendi moja hapotezi vizidishi kwa kutohama. Anaweza kukaa mita 15 mchana kutwa na hesabu yake ikapanda. Kwa upande mwingine mita 40 kushuka chini zina pointi mara mbili: 6 kwa bara jingine badala ya 3. Kwa hiyo usiku mmoja mtulivu wa mita 40 una thamani kubwa. Anayeshindana peke yake anaruhusiwa saa 36 kati ya 48, na mapumziko yanahesabiwa yakifika dakika 60. Sheria hiyo inakupa usingizi bila kujilaumu.

Machi kwetu ni masika, na maneno niliyosema juu ya radi yanarudi yote. Mei mwishoni mvua zinakuwa zimekaribia kuisha. Kama unajua Morse, WPX ya Mei ni nzuri kuliko ile ya Machi kwa mbali.

Kikwazo kimoja: namba za mfululizo ni ngumu kuzinasa. Katika CQ WW ukishamjua Mjerumani unajua atasema kanda 14. Katika WPX lazima uisikie namba yake kweli, na ukikosea tarakimu moja mawasiliano yanafutwa wakati wa ukaguzi.

ARRL DX: upande mmoja tu wa dunia

Hili ni la ARRL, chama cha redio ya ridhaa cha Marekani. Morse ni Februari, sauti ni Machi mwanzoni. Humu sisi tunahesabiwa kwa Marekani na Kanada peke yake. Ulaya nzima hata ikuite vipi haina pointi. Unatoa ripoti na nguvu ya mtambo, yaani "59 100". Kwa waya na wati 100 njia hiyo ni ndefu, na saa nzuri ni chache, kuanzia alasiri hadi mapema usiku kwenye bendi za juu. Namshauri mwenye nyumba inayotazama kaskazini-magharibi bila kizuizi, na mwenye subira. Kwa anayeanza, hapana.

IARU: hili ndilo ninalolipendekeza

Ni la IARU, umoja wa kimataifa wa vyama vya redio ya ridhaa, mwisho wa wiki kamili wa pili wa Julai. Saa 24 tu: linaanza saa tisa alasiri Jumamosi kwa saa yetu na kuisha saa tisa alasiri Jumapili. Angalia hapo: usingizi wako wa Ijumaa uko salama, na Jumapili jioni unakula na familia. Tena Julai ni kiangazi. Mbingu za Mwanza ni nyeupe, vumbi tupu, na mita 40 usiku inasikika safi kiasi kwamba mtu anayesikiliza kwa mara ya kwanza anadhani redio imeharibika.

Unatoa ripoti na namba ya kanda ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa; mgawanyo huu si ule wa CQ WW. Yetu ni 53. Kenya na Uganda ni 48, kwa hiyo jirani wa Kisumu au Entebbe anakupa pointi 3, jambo ambalo CQ WW hairuhusu. Bara jingine ni pointi 5. Sauti na Morse viko pamoja katika shindano moja. Unaweza kuchagua kimoja au kuchanganya. Vizidishi ni kanda za ITU pamoja na vituo vya makao makuu ya vyama vya nchi, kila bendi upya. Vituo hivyo, kama DA0HQ wa Ujerumani na SN0HQ wa Poland, vina antena kubwa na waendeshaji wenye masikio makali, vinasikika karibu kila bendi na vinakusikia hata ukiwa na waya wa nguo. Vinakupa pointi 1 tu, lakini kizidishi ni kizidishi. Anayeanza anapata moyo sana kwa kuvipitia kimoja kimoja saa ya kwanza.

Kingine kinachonifanya nilipende: fainali za dunia za timu za redio, WRTC, hufanyika mwisho wa wiki huohuo wa Julai. Zilipofanyika Italia mwaka 2023 kila timu ilipewa kikomo cha wati 100. Antena zao zilikuwa bora kuliko zetu, ndiyo, lakini nguvu ni ileile iliyo juu ya meza yako.

Upungufu wake upo. Washiriki ni wachache kuliko CQ WW, na Tanzania kama nchi haina thamani humo, kinachohesabiwa ni kanda 53 ambayo tunashirikiana na Msumbiji, Madagaska, Zambia na wengine. Foleni yako itakuwa fupi. Kwa kituo cha kwanza foleni fupi ni neema: unajifunza kuzipokea alama bila kuzimia.

Umeme: fanya hesabu kabla ya kuchagua

Redio ya wati 100 inakula karibu ampea 20 kileleni. Ukiongea, wastani unashuka hadi ampea 8 hivi. Ukisikiliza, ampea 1 na ushee. Ukiwa unaita theluthi moja ya muda, saa 24 zinataka takriban amp-saa 80 hadi 85, na ukiita nusu ya muda zinakaribia 110. Betri ya risasi ya amp-saa 100 haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo betri moja haitoshi hata siku moja iwapo umeme umekatika moja kwa moja. Kwa shindano la saa 48 zidisha mara mbili. Hapo IARU inashinda tena bila kelele.

Njia za kubana zipo. Shusha nguvu hadi wati 50: mwenzako hataona tofauti kubwa, umepungua desibeli 3 tu. Au ingia kategoria ya wati 5, ambapo redio ndogo inaweza kwenda saa 24 kwa betri ya amp-saa 20. Paneli ya sola inasaidia mchana, ila jaribu kidhibiti chake kabla ya siku yenyewe. Vingine vinapiga kelele kwenye redio kuliko hata radi.

Sauti, Morse au FT8

Morse inabanwa katika nafasi nyembamba sana ya masafa. Sauti inachukua takriban hezi 2,500, kichujio cha Morse unaweza kukiweka hezi 250, na tofauti hiyo ni karibu desibeli 10. Kwa kituo kidogo ni kama kuzidisha wati zako mara kumi bila kununua kitu. Kuna faida nyingine: mtandao wa vipokezi vya Reverse Beacon unasoma Morse wenyewe na kuitangaza alama yako dunia nzima dakika ile unapoanza kuita. Kwa sauti inabidi mtu akusikie na apende kukutangaza. Morse inachukua miezi kuizoea, lakini nashauri uanze leo hata kama Julai hii utaongea kwa sauti.

Kama huna moyo wa kuongea wala Morse bado, liko World Wide Digi, mwisho wa wiki kamili wa mwisho wa Agosti, saa 24, kwa FT8 na FT4, njia za kidijitali. Kompyuta inatuma na kupokea. Pointi zinapanda kwa umbali: moja, kisha moja zaidi kwa kila kilomita 3,000, na mraba wetu wa ramani ya redio, uitwao KI, ni kizidishi. Agosti bado hakuna mvua. Ni nzuri kwa kuipima antena yako, ingawa hutasikia sauti ya mtu hata mmoja, na mimi nikikosa hiyo naona nimekosa nusu ya shindano.

Kama ningeanza upya

Ningehakikisha kwanza leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inaniruhusu bendi na nguvu ninazokusudia. Kisha Julai, IARU, wati 100, sauti na Morse kidogo. Agosti ningeingia World Wide Digi kwa saa chache tu, kuona waya unafika wapi. CQ WW ningeiacha hadi Novemba ya Morse au Oktoba ya mwaka unaofuata, na hata hapo nisingejaribu saa zote 48. Kuna kategoria ya nyongeza iitwayo Classic, redio moja, bila msaada wa matangazo ya mtandaoni, saa 24 tu unazozichagua mwenyewe. Na mwenye leseni ya miaka 3 au pungufu ana kategoria yake ya wanaoanza. Ningezitumia saa hizo mchana, mita 15 na mita 20, Ulaya ikiwa wazi na radi ikiwa bado haijaamka, usiku ningeichomoa kebo na kulala.

Programu ya kuandikia mawasiliano, N1MM Logger+ kwa mfano, iweke saa ya UTC kabla ya kuanza. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunachanganyikiwa hapo kuliko wengine: saa tisa yetu ya usiku ni 0000, saa tisa ya alasiri ni 1200. Andika karatasi ndogo ubandike juu ya skrini. Likiisha, tengeneza faili la Cabrillo (muundo wa daftari la mawasiliano wanaoupokea waandaaji) na ulitume. CQ WW wanakupa siku 5 tu. Litume hata kama una mawasiliano 40. Waliokupata wanakaguliwa dhidi ya faili lako, na wengi wao watakuwa wanaiona alama ya 5H katika daftari lao kwa mara ya kwanza mwaka huo.